Msingi wangu uliota matembele miaka saba. Kitabu cha sura mbili ndicho kilichonirudisha saiti

#1 Muuza Saruji

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitaumia.

Mimi ni muuzaji kwenye duka la vifaa vya ujenzi huku Chanika. Kutwa napiga watu hesabu za nyumba zao: nondo ngapi, saruji mifuko mingapi, bati za mgongo mpana au mdogo. Nikifunga duka narudi kwenye vyumba viwili vya kupanga, na njiani kuna kiwanja changu.

Kiwanja nilinunua 2014, miguu 20 kwa 20. Msingi nikapandisha 2016: vyumba vitatu, sebule, jiko, choo cha ndani. Siku tunajaza kifusi mke wangu alisimama kwenye kipande kitakachokuwa jiko, akasema dirisha analitaka upande wa mwembe. Mwishoni mwa mwaka uleule baba akaugua figo. Waliowahi kuuguza mgonjwa wa figo hawahitaji nieleze. Nondo kumi na mbili nilizokuwa nimezilaza kwa jirani niliziuza mojamoja. Baba alitangulia 2018. Baada ya hapo hela ikaanza kupatikana kidogokidogo, ila mimi ndiye sikupatikana tena.

Nikaacha kwenda kule. Nikawa nazunguka njia ya kisimani ili nisipite mbele ya kiwanja changu mwenyewe. Mama mmoja jirani, mjane, akaja kuomba apande matembele ndani ya msingi maana udongo wa kifusi ulikuwa mzuri. Nikamwambia panda tu mama. Chumba cha watoto kikawa bustani. Mke wangu naye akaacha kuuliza, na hapo ndipo pabaya, kwa sababu mke anayeuliza bado anakutegemea.

Sasa tarehe 28 Septemba 2023, siku ya Alhamisi, niliingia misa ya asubuhi. Msidhani ni uchaji. Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili na mwenye nyumba alikuwa ananivizia saa kumi na mbili na nusu pale getini, kwa hiyo wiki ile nilikuwa nawahi kutoka. Alfajiri ile pako wazi kanisani na kwa muuza supu. Kwa muuza supu nako nilikuwa nadaiwa.

Somo la siku likawa la nabii Hagai. Wakatoliki wenzangu mnajua, kwenye miaka ya witiri somo hilo huangukia juma la 25 la kipindi cha kawaida cha mwaka wa Kanisa. Kitabu chenyewe kina sura mbili tu, aya 38, ukifungua Biblia kwa pupa unakiruka.

Habari yake ni hii. Wayahudi wamerudi kutoka Babeli kwa ruhusa ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, wameweka msingi wa hekalu. Ezra sura ya 3 inasimulia siku ile: vijana wanashangilia, wazee waliolijua hekalu la kwanza wanalia kwa sauti, hata mtu asiweze kupambanua kelele za furaha na za kilio. Halafu majirani wakawaingilia, fitina zikafika kwa mfalme, kazi ikasimama mpaka mwaka wa pili wa mfalme Dario, yaani 520 KK. Wanaopiga hesabu wanapata kama miaka 16. Msingi umelala miaka kumi na sita! Wangu ulikuwa na saba nikadhani nimevunja rekodi.

Kilichonikalisha wima ni aya ya pili. Wale watu hawakusema wameacha kujenga. Walisema wakati haujafika. Jamani, ni kama mtu amepekua simu yangu akasoma meseji zote nilizomtumia mke wangu tangu 2018. Sijawahi kusema nimeacha, hata mara moja. Nilikuwa nasema tusubiri kidogo.

Halafu aya ya nane: pandeni milimani, mkalete miti, mjenge. Basi. Hakuna kuambiwa mjisikie vizuri kwanza. Shoka na mlima.

Jumamosi yake nilienda saiti na panga. Nikamkuta yule mama anachuma. Aliponiona na panga akaanza kukusanya majani haraka kama aliyeiba, nikaona aibu mimi. Tukakubaliana amalize kuchuma, nami nianze kufyeka upande wa sebule. Jumatatu nikamwambia bosi wangu akate kwenye mshahara bei ya mfuko mmoja wa saruji kila Jumamosi, mfuko uende saiti, mimi nisiione hela yake.

Nitaendelea jioni, wateja wamejaa.

#2 Kikokotoo

Mkuu hongera, ila tuseme ukweli. Hapo kilichofanya kazi ni makato ya mshahara. Hata mpagani akikatwa mfuko kila wiki atafika lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Mungu anaingiaje hapo?

#3 binti_wa_zamu

Kaka, umenigusa vibaya. Mimi ni muuguzi, ngazi ya cheti. Nilianza diploma nikaacha mwaka wa pili kwa sababu ya ada na mtoto. Kila Januari naandika kwenye daftari "mwaka huu narudi chuo". Nina madaftari manne sasa. Nimefunga, nimeomba, nimekesha mikesha. Hamasa hairudi. Mwingine anaamka asubuhi moja ana nguvu mpya, mimi naamka nimechoka zaidi ya nilivyolala. Naanza kuona kama imani yangu ndiyo mbovu.

#4 Mwinjilisti Mstaafu

Ndugu Muuza Saruji, nimefurahi ila naomba nikuguse pale panapokuwasha. Soma tena Hagai 1:4. Nabii anawakemea watu wanaokaa kwenye nyumba zao wenyewe zilizopambwa kwa mbao wakati nyumba ya Bwana ni magofu. Wewe umechukua andiko linalowagombeza watu kwa kujijengea, ukalifanya ruhusa ya kwenda kujijengea. Huo si ufafanuzi, huo ni wizi wa aya.

#5 Lori la Mchanga

Hahaha #4 kapiga lenta. Tunasubiri majibu.

Halafu muuza saruji tuambie ukweli wa biashara: mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa tofali ngapi za inchi 6? Fundi wangu anasema 50.

#6 Muuza Saruji

Nimerudi. Nianze na #5 kwa sababu ndilo jepesi: fundi anayekutolea 50 anakuuzia mchanga uliobanwa. Mimi natoa 32, nikijitahidi sana 35. Na mwagilia maji siku saba, usizihurumie.

Kikokotoo, swali lako ni la haki. Ngoja nikupe kitu ambacho sikukiandika juu. Bosi wangu aliniambia habari ya kukatwa mfuko kwa wiki mwaka 2019. Yeye mwenyewe, bila kuombwa. Nikamjibu nitafikiria. Njia ilikuwepo miaka minne, saruji nalala nayo ukuta kwa ukuta, na bei nafuu ya mfanyakazi napewa. Kwa hiyo ukiniambia makato ndiyo yalijenga, nakubali. Nieleze tu nani alimtoa kitandani yule mtu aliyekuwa anayakataa. Mimi najua alivyokuwa.

Na kitu kilichonitoa si mahubiri makali. Nilikuwa na imani fulani ya chinichini kwamba kilichosimama muda mrefu kimelaaniwa. Sikuwahi kuitamka, ila ndiyo iliyokuwa inanizungusha njia ya kisimani. Kusikia kwamba kuna msingi uliolala miaka 16 na Mungu akatuma ujumbe kuhusu msingi uleule, hakusema hamieni kiwanja kingine, kulinitoa mzigo. Wewe uite saikolojia ukipenda, hatutagombana.

Mzee wangu wa #4, shikamoo. Umeniweka pabaya na umeniweka sawa. Jambo hilohilo nilimpelekea paroko wiki ile baada ya kusoma sura nzima nyumbani, maana kanisani nilisikia nilichotaka kusikia. Akacheka, akanijibu kwa swali: kanisa la kigango chenu linajengwa, umewahi kufika? Sikuwa nimefika. Nilikuwa nachangia kwenye bahasha, nanawa mikono.

Basi kabla ya kufyatua tofali hata moja ya kwangu, Jumamosi mbili nilikwenda na jumuiya, kikundi chetu cha waumini majirani, kufyatua za kigango. Sijui kama hilo linaniondolea wizi wa aya, utaamua wewe mzee. Ninachojua ni kwamba mimi, muuza saruji wa miaka kumi, nilikuwa sijui kushika mashine ya kufyatulia. Mzee mmoja wa jumuiya, fundi mwashi, alinifundisha pale kupima unyevu wa mchanganyiko kwa kuufinya kiganjani: ukifungua mkono bonge lisimame bila kukuachia maji. Nilipoanza za kwangu sikumlipa mtu kufyatua.

Naomba mtu asichukue hiyo akatengeneza fomula. Sikutoa ili nipewe. Kuna watu wanaichukua hiyohiyo Hagai, pale anaposema mshahara unaingia kwenye mfuko uliotoboka, wanakuambia tundu litazibwa kwa sadaka ya kujimaliza. Nimeona jirani yangu akijimaliza kweli. Hagai hakumwomba mtu pesa, aliwatuma mlimani kukata miti.

#7 Muuza Saruji

Dada #3, wewe nimekuwekea ujumbe wako peke yake.

Eliya, 1 Wafalme 19. Ametoka kushinda manabii wa Baali, siku si nyingi amelala chini ya mti jangwani anaomba afe. Ona anachofanyiwa. Malaika hamkemei wala hamuulizi imani yake iko wapi. Anamgusa, anamwambia inuka ule. Kuna mkate juu ya makaa na chupa ya maji. Anakula, analala tena. Hapo ndipo ninapopapenda, analala TENA na hakuna anayemlaumu. Anaamshwa mara ya pili, anaambiwa ale kwa sababu safari ni kubwa kuliko yeye. Ndipo anatembea siku 40 mpaka Horebu.

Wewe unafanya zamu za usiku, una mtoto, halafu unaongeza mkesha. Mimi si padri, lakini nadhani mkesha wako kwa sasa ni kulala.

#8 Nesi Mkuu wa Mtaa

Naongeza hapo kama mtu wa fani. #3, kuamka umechoka kila siku, kwa miezi, usiihusishe moja kwa moja na imani. Pima damu, pima tezi ya shingo, na zungumza na mtaalamu wa afya ya akili, inaweza kuwa sonona. Sisi wauguzi ndio wa mwisho kujipima. Kupima hakumfukuzi Mungu.

#9 Kisima cha Pwani

Mimi Muislamu, napita tu kwa heshima. Kwetu tumefundishwa na Mtume kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Mfuko mmoja kila Jumamosi, nimeuelewa kabisa. Endelea ndugu.

#10 Kikokotoo

Sawa mkuu, la 2019 limenibana kidogo. Ila niambie: hiyo nguvu mpya ilidumu? Maana mimi nimeona watu wanatoka kwenye kongamano wanawaka, baada ya wiki mbili wamezima kama jiko la mkaa mbichi.

#11 Muuza Saruji

Haikudumu. Hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Nilianza Oktoba 2023. Wanaokumbuka, mvua za El Nino zilianza kushuka miezi ileile. Usiku mmoja wa Novemba ilinyesha mpaka alfajiri. Nilikuwa na tofali 140 nilizofyatua jioni yake na nailoni niliyofunika ilipeperuka. Asubuhi nilikuta vichuguu. Ukikanyaga panadidimia. Wiki tano za kukatwa mshahara zimekuwa uji wa mchanga.

Sikwenda saiti wiki tatu. Mifuko ilikuwa inarundikana stoo, bosi ananiangalia, mimi naangalia kalenda. Na yale mawazo yakarudi kwa jina lao lilelile: wakati haujafika, ngoja mvua zipite, ngoja Januari ada za watoto zipite.

Jumuiya yetu husali Jumamosi asubuhi, kwa zamu nyumba hadi nyumba, na zamu ikaangukia kwetu. Huwezi kuikimbia jumuiya ikiwa sebuleni kwako. Wakaniuliza tofali vipi. Nikasema. Yule fundi mwashi mzee akauliza kama nimesoma sura ya pili. Nikamwambia nimesoma. Akasema soma tarehe.

Hiki ndicho nilichokiona, nanyi mnaweza kuhakiki. Hagai ameandika tarehe kila aliposema. Ujumbe wa kwanza: siku ya kwanza ya mwezi wa sita. Watu wanaanza kazi siku ya 24 ya mwezi huohuo, yaani baada ya siku 23. Ujumbe unaofuata ni siku ya 21 ya mwezi wa saba. Hata mwezi haujatimia tangu washike kazi, na tayari nabii anawauliza: nani kati yenu aliiona nyumba hii ilivyokuwa zamani, je, hii si kama bure machoni penu? Maana yake walishakata tamaa! Wana nabii hai mbele yao, wana liwali na kuhani mkuu wako kazini pamoja nao, na hamasa imewaishia ndani ya mwezi. Kisa cha safari hii ni kulinganisha. Wazee wanakumbuka hekalu la kwanza, la Sulemani.

Anawaambia wawe hodari, wafanye kazi, yuko pamoja nao. Maneno karibu yaleyale ya mwanzo. Hana jipya. Anarudi tena mwezi wa tisa. Maneno yake yote yanaingia kwenye muda usiotimiza miezi minne, na hekalu likaja kwisha mwaka wa sita wa Dario, miaka zaidi ya minne baadaye.

Mimi siku zote nilidhani mtu wa imani anapewa moto mmoja mkubwa, na ukizima basi haukuwa wa Mungu. Kumbe hata wale iliwabidi waambiwe tena. Ndiyo maana Kikokotoo nakubaliana nawe kuhusu makongamano: kosa si kuwaka, kosa ni kwamba hakuna anayepangiwa kuja kuwaambia wiki ya tatu. Mimi nina jumuiya. Kila Jumamosi kuna watu kumi na mbili, wengi wao wamama, wataniuliza tofali ngapi, na mmoja wao ni yule mama wa matembele. Huyo humdanganyi, anapita pale kila siku.

Nilisimama tena Aprili 2024, mvua na ada vilikutana. Wiki sita. Safari hiyo sikujiona nimelaaniwa, nilijiona nimesimama, nikaendelea Juni.

#12 Mwinjilisti Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hizo tarehe nimehubiri miaka thelathini sijawahi kuzipanga hivyo. Wizi wa aya nimekusamehe nusu.

#13 binti_wa_zamu

Nimesoma yote zamu ya usiku, wodi imetulia. Ahsante #7 na #8. Nimepima, damu iko chini sana, nimeanza dawa. Sijarudi chuo. Nimeenda tu kuuliza kama matokeo yangu ya mwaka wa kwanza bado yanatambulika, nikaambiwa niandike barua. Barua nimeandika ukurasa mmoja, iko kwenye mkoba, bado sijaipeleka.

#14 Muuza Saruji

Dada, Jumamosi nitakuuliza barua iko wapi. Nimeshaizoea kazi hiyo kwa kufanyiwa.

#15 Lori la Mchanga

Leta mrejesho na wewe basi. Tofali ngapi mpaka sasa?

#16 Muuza Saruji

Mrejesho. Mifuko 46, tofali nzima 1,330, ukiondoa zile vichuguu. Nimemwita yule mzee wa jumuiya apandishe ukuta, yeye na kibarua mmoja, mimi nachanganya udongo Jumamosi baada ya sala. Wako kozi ya tano, yaani mstari wa tano wa tofali. Lenta sina nondo bado, itangoja, na safari hii nikisema itangoja nina maana nondo sina kweli.

Yule mama nilimpa kipande cha ardhi nyuma ya choo, kwenye mteremko. Ananung'unika kwamba udongo wa kule si kama wa chumba cha watoto.

Jana mchana nikiwa dukani mzee akanipigia simu kutoka saiti. Amefika usawa wa madirisha, ramani aliyopewa imefutika kwa jasho, anataka kujua la jiko analiweka upande gani. Mwembe wenyewe ulishakatwa, mwenye kiwanja cha pembeni aliuchoma mkaa. Nilitaka nimjibu popote tu. Halafu nikakumbuka mke wangu alikuwa ameniletea chakula, amekaa pale kwenye mifuko ya saruji anasubiri bakuli. Nikampa simu. Mwanzoni alinyamaza, akaniuliza kwa macho dirisha gani.

Waliongea dakika nane. Wali umepoa, wateja wamejipanga, anamweleza fundi upepo unatokea wapi.